Tusiuchome Moto Uwanja wa Kanisa

Wanafunzi wapendwa, nataka kuwaeleza neno ambalo nimelifikiri kwa miaka mingi bila kulisema. Neno lenyewe lahusu mahali ambapo ninyi nyote mmepita, lakini wachache wenu wamepatazama kwa makini, yaani ule uwanja wa makaburi ulio ubavuni mwa kanisa la kale. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa maana mwalimu asiyekiri kosa lake hawezi kuwafundisha wengine kuyaacha yao.

Kabla sijaja kufundisha hapa Mwankoko, nalikuwa mwalimu katika shule nyingine ya misioni, ambayo jina lake silitaji. Karibu na shule palikuwa na kanisa la zamani, na nyuma ya kanisa palikuwa na makaburi. Kila mwaka, mwisho wa kiangazi, tuliwachukua wanafunzi wa madarasa ya juu tukasafishe uwanja ule kabla ya siku ya kuwakumbuka wafu wote. Kazi ya kufyeka ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Basi mwaka mmoja nikatafuta njia fupi. Nikawaambia wavulana walete kiberiti. Upepo wa Singida mwaujua ulivyo. Haukupita muda mrefu, uwanja wote ukawa mweusi tangu ukutani mwa kanisa hata kwenye mawe makubwa ya upande wa pili. Nasi tukafurahi, tukasema, "Leo pamesafika kweli kweli."

Siku ya tatu akaja bibi mmoja mzee, akitembea kwa fimbo, ametoka mbali. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Kisha akaniambia, "Mwalimu, nimekuja kumwona baba yangu." Baba yake alikuwa katekista, mmoja wa wale waliowafundisha watu kusoma chini ya mti kabla ya shule kuwa na kuta. Alizikwa katika uwanja ule, na juu ya kaburi lake uliwekwa msalaba wa mti wenye jina lake, nalo liliandikwa kwa chuma cha moto. Tukaenda pamoja kumtafuta. Misalaba yote ya miti ilikuwa imekwisha kuwa majivu, mingine imebaki vigingi vifupi vyeusi visivyosomeka. Bibi akasema, "Alikuwa karibu na mti mdogo." Mti mdogo nao ulikuwa umeungua. Hakunigombeza. Alisimama kimya, kisha akaniuliza, "Basi, mwalimu, nimwombee wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu siku ile nimekuwa na rai moja, nami naiweka mbele yenu ili mwipime. Nasema hivi: uwanja wa kanisa la kale ni kitabu cha kijiji. Ndani yake yameandikwa maisha ya watu waliotutangulia, na ndani yake wanaishi viumbe wengi ambao mashambani petu hawana tena mahali pa kukaa. Kitabu hiki hakina nakala ya pili. Kwa hiyo yafaa tukisome, tukinakili, tukilinde, wala tusikichome moto kwa ajili ya kuona uvivu wa kufyeka.

Tutazame kwanza habari za watu. Mtoto anayejua kusoma na kutoa hesabu aweza kujifunza mengi kutoka makaburini. Kwanza aangalie miaka. Akitoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa, atapata umri wa mtu. Katika makaburi ya misioni za kale za pwani, kama yale ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kule Bagamoyo, ambako misioni ilianzishwa mwaka 1868, ataona kwamba wengi walikufa wangali vijana. Hapo atauliza, "Kwa nini?" Na jibu lake ni homa ya malaria. Zamani zile watu walidhani ya kuwa homa hiyo yaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Mpaka mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Basi, kwa kutoa hesabu fupi tu, mtoto ameingia katika habari kubwa ya utabibu.

Pili, aangalie lugha. Katika nchi yetu mawe ya makaburi yameandikwa Kijerumani, na Kiingereza, na Kilatini, na Kiswahili. Mahali pengine lugha hizi zimesimama katika safu moja, kila moja na zamani zake. Asiyejua kwamba Wadachi walitawala hapa kabla ya Waingereza aweza kuanza kulijua jambo hilo kwa kutembea makaburini.

Tatu, aangalie jiwe lenyewe. Kaburi hili lina jiwe lililochongwa, lile lina saruji, lile lina msalaba wa mti, na lile lingine lina rundo la mawe ya shambani tu. Tofauti hii haituelezi nani alikuwa mwema kuliko mwenzake. Yatueleza nani alikuwa na fedha, au nani alikuwa na wakubwa wa kumnunulia jiwe. Tena juu ya mawe ya zamani ataona madoa ya rangi ya kijivu na ya kijani na ya manjano. Mengi ya madoa hayo si uchafu. Ni viumbe hai, kuvu na mwani waishio pamoja na kusaidiana, nao hukua polepole mno. Doa lenye upana wa kiganja laweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu yake. Kwa hiyo haifai kulikwangua kwa kisu au kwa waya, kwani ukilikwangua doa, herufi za jiwe nazo zaondoka.

Nne, na hili ni gumu kuliko yote, aangalie mahali pasipo na kitu. Ardhi iliyoinuka kidogo, au iliyotitia kidogo kwa urefu wa mtu, hiyo nayo ni kaburi. Hapo amelala mtu ambaye jina lake limeliwa na mchwa, au limechukuliwa na mvua, au limechomwa moto na mwalimu mwenye haraka.

Hapo sasa nataka kuwasimulia habari ya mtu mmoja aliyeandika jina la mwenzake. Mwajua habari za Daktari David Livingstone. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walizika moyo wake chini ya mti mkubwa, wakaukausha mwili wake, wakauchukua mabegani mpaka pwani. Mliokwisha kusoma habari hiyo mwayajua majina ya Susi na Chuma. Lakini ni nani aliyesoma sala za maziko, na kuchonga maneno juu ya gome la mti ule ili mahali pasisahauliwe? Alikuwa Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyekombolewa utumwani akafundishwa kusoma na kuandika katika shule ya misioni kule Bara Hindi. Msafara wao ulipita Unyanyembe karibu na Tabora, ukafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Wainwright akafuatana na mwili hata Uingereza, akawapo siku Livingstone alipozikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874.

Mti ule wa Chitambo uliendelea kusimama na maneno yake. Hata mwaka 1899, ulipokuwa umekwisha kuoza, ukakatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kuhifadhiwa. Mwaka 1902 pakajengwa mnara wa ukumbusho mahali pake. Hivyo mahali pale hapakupotea, kwa sababu kijana mmoja alichukua kisu akaandika.

Na Wainwright mwenyewe je? Alirudi Afrika, akafa mwaka 1892 huko Urambo, katika mkoa wa Tabora unaopakana na mkoa wetu wa Singida. Nawauliza: ni wangapi kati yenu waliopata kulisikia jina lake kabla ya leo? Yule aliyeandikwa twamjua sote, na yule aliyeandika hatumjui. Ndivyo ilivyo katika viwanja vingi vya makanisa. Padre au mchungaji aliyetoka Ulaya ana jiwe, na katekista aliyembebea kitabu, akamfasiria maneno, akabaki na waumini wakati wa vita, ana rundo la mawe.

Msidhani nasema haya kwa kuwa na kinyongo. Jambo hili limekirika hata na wenyewe. Katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918 watu wengi sana wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa askari na wapagazi, wakafa kwa njaa na kuhara na homa kuliko kwa risasi. Baada ya vita, makaburi ya askari Wazungu yaliwekwa mawe yenye majina. Wapagazi wakakumbukwa kwa jumla tu, kama kwa ile sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda hesabu yao ikafika 350,000. Fikirini basi: zaidi ya miaka mia imepita, na wakubwa wenye fedha na karani wengi wanahangaika kutafuta majina ambayo yangaliweza kuandikwa siku ileile kwa kalamu ya risasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu je, si zaidi ya mali?

Sasa tuyatazame mambo ya pili ya kitabu chetu, yaani viumbe.

Nchi yetu ya Singida ni kavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, toka Novemba hata Aprili, na baada ya hapo ni vumbi na upepo. Kila mahali penye udongo mzuri pamelimwa mtama, uwele, alizeti na viazi, na pasipolimwa pamechungwa ng'ombe na mbuzi, na miti imekatwa kwa kuni na mkaa. Siwalaumu wazazi wetu, kwani watu sharti wale. Lakini kiumbe kidogo kinachotafuta kichaka kimoja tu cha kuzalia, kiende wapi? Kitakwenda mahali ambapo jembe haliingii, shoka halipigi, wala ng'ombe hawachungwi. Mahali hapo, kama hatukupaharibu, ni makaburini.

Jambo hili halikuanza kwetu. Kule Habeshi, upande wa kaskazini, nchi imelimwa kwa karne nyingi hata milima imebaki mitupu. Lakini mtu akitazama kwa mbali ataona hapa na pale duara la miti mibichi katikati ya mashamba, na katikati ya kila duara pana kanisa. Wakristo wa huko huamini kwamba kanisa lapaswa kuvikwa miti kama mtu avikwavyo nguo. Mtaalamu mmoja wa misitu wa nchi hiyo, Alemayehu Wassie, amezichunguza habari zake, na kwa shauri la wataalamu na mapadre watu wameokota mawe mashambani mwao wakajenga kuta kuzunguka misitu ya makanisa. Faida ikawa mara mbili: mashamba yakapungukiwa na mawe, na ng'ombe wakazuiwa wasile miche ya msituni.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya nao walikuwa na desturi ya namna hiyo hata kabla ya kufika misioni. Misitu yao iitwayo kaya, ambayo ndani yake wamo wazee wao waliozikwa, ilikatazwa kukatwa. Kwa hiyo imebaki na miti ambayo mahali pengine imekwisha, na mwaka 2008 misitu hiyo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Na karibu na mji wa Unguja kiko kisiwa kidogo cha Chapwani. Humo mna makaburi ya mabaharia Waingereza, na miongoni mwao wamo waliokufa katika manowari iitwayo Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Wadachi tarehe 20 Septemba 1914. Juu ya miti ya kisiwa hicho hukaa popo wengi wakubwa walao matunda, na chini yake hutembea paa wadogo. Wafu wamewalinda walio hai.

Huenda mtasema, "Hayo ni ya mbali, mwalimu. Sisi wa Mwankoko tuna nini?" Nami nitawajibu kama nilivyowajibu wanafunzi wangu. Jumamosi moja naliwachukua makaburini, nikawapa amri moja tu: kaeni kimya muda wa saa nzima, mwandike mnachokiona. Mwanzoni hawakuona kitu. Baada ya robo saa wakaanza kuona. Juu ya mawe yenye joto walitoka mijusi, madume yao yana vichwa vyekundu, wakawa wakiinua na kushusha vichwa kana kwamba wanaamkiana. Katika ufa wa mti wa kale waliona nyuki wakiingia na kutoka. Chini ya majani walimwona kobe akila taratibu bila kumwogopa mtu. Kwale alipita na vifaranga vyake. Juu ya mgunga, manana walikuwa wakisuka viota.

Kilichowashangaza kuliko vyote kilikuwa hondohondo. Ndege huyu hutafuta tundu katika shina la mti mzee. Jike huingia ndani, na mlango huzibwa kwa udongo, hata ubaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga na kuatamia, na dume humletea chakula, akikipitisha katika ufa ule siku baada ya siku. Sasa fikirini: mti mchanga hauna tundu la namna hiyo. Mti hupata tundu baada ya kuishi miaka mingi na kuvunjika tawi na kuoza kidogo. Kwa hiyo yule asemaye, "Mti huu wa makaburini umezeeka, tuukate," amewavunjia hondohondo nyumba ambayo hawezi kuwajengea nyingine maisha yake yote. Uangalieni mbuyu wa misioni ya Bagamoyo. Mnyororo ulifungwa katika shina lake mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ili kumfungia punda, na mti ukaendelea kukua, ukaumeza mnyororo, hata leo ni pete chache tu zinazoonekana zikitoka katika gome. Mti mzee hutunza habari kwa njia yake.

Tena yuko bundi. Najua mnavyomchukia. Wengi wenu mmeambiwa ya kuwa bundi akilia juu ya nyumba mtu atakufa, na kwa kuwa apenda kukaa katika paa la kanisa na katika miti ya makaburini, mwasema ni ndege wa wachawi. Nimewaona wavulana wakimpiga mawe kwa furaha, kana kwamba wanafanya kazi njema. Lakini bundi hukaa makaburini kwa sababu moja tu: hapo pana giza, na kimya, na panya. Yeye hula panya. Na panya hula mtama ghalani mwa mama yako. Basi ampigaye bundi mawe anamsaidia panya. Mtu mzima akifa baada ya bundi kulia, bundi hakumwua. Bundi hulia kila usiku, na watu hawafi kila usiku.

Sasa niyajibu maneno ya wale wasiokubaliana nami, kwani nawajua, nami nalikuwa mmoja wao.

Wa kwanza husema, "Makaburi yenye majani ni aibu. Watu watasema hatuwapendi wafu wetu." Neno hili lina haki ndani yake. Mimi sisemi tuwaache wafu wafunikwe na mwiba. Nasema tufyeke kwa mundu juu ya makaburi na katika njia za kupitia, na pembezoni, kando ya ukuta na chini ya miti, tuache majani na vichaka vikae. Nyumba yenye ua wa minyaa haiitwi chafu kwa sababu ya ua wake.

Wa pili husema, "Patakuwa na nyoka." Ni kweli, nyoka aweza kuwapo, kama awezavyo kuwapo shambani na hata jikoni. Ndiyo sababu nimesema njia ziwe safi, na mtoto asitie mkono katika shimo wala chini ya jiwe. Nguchiro nao, walao nyoka, hukaa katika vichaka hivyohivyo.

Wa tatu husema, "Moto ni mwepesi, na majani hurudi mvua zikinyesha." Huyu ndiye niliyekuwa mimi. Majani hurudi, lakini kobe harudi, wala kifaranga cha kwale, wala mche wa mti wa miaka mitatu, wala msalaba. Na kuna jambo jingine ambalo sikulifahamu wakati ule. Moto huacha ardhi tupu mwisho wa kiangazi, na mvua zetu za kwanza ni za dhoruba. Zikipiga juu ya ardhi iliyo tupu huchukua udongo wa juu, na mwaka baada ya mwaka hufanya vijito, na vijito huwa makorongo. Nimeona makaburi yaliyobomoka upande mmoja kwa njia hiyo. Mizizi ya majani ndiyo mikono inayolishika kaburi. Ikiwa twahofia moto utokao mashambani, tulime njia pana ya udongo mtupu kuzunguka uwanja kwa nje, moto ukifika hapo ufe.

Basi, twafanyeje? Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Nawapa mambo machache ambayo darasa lolote laweza kuyafanya katika muhula mmoja.

Ombeni ruhusa kwanza kwa padre au mchungaji na kwa wazee wa kanisa, kwa maana makaburi si uwanja wa kuchezea mpira. Chukueni daftari moja gumu na kamba yenye mafundo kila baada ya hatua moja. Chorani ramani ya uwanja, mkihesabu safu kutoka ukutani mwa kanisa, na kila kaburi mlipe namba. Nakilini kila jina na kila mwaka kama ulivyo, hata kama herufi zimekosewa. Lisilosomeka, andikeni kwamba halisomeki. Msibuni. Kisha nendeni kwa wazee, mkawaamkie na kuwauliza: ni nani aliyelala katika namba hii? Alitoka wapi? Alifanya kazi gani? Waulizeni mapema, kwani mzee naye hachomwi na moto, lakini huondoka. Tengenezeni nakala mbili za daftari, moja ikae kanisani na moja shuleni. Mwishoni mwa daftari wekeni kurasa za viumbe: ndege, na miti, na wanyama, na mwezi mlipowaona. Wanafunzi watakaokuja baada yenu wataweza kulinganisha, na kujua ni nani aliyebaki na ni nani aliyetoweka.

Na ikiwa mwapanda mti, pandeni mti wa nchi hii, kama mkuyu au mgunga, ulioizoea mvua yetu chache. Ng'ombe wasiingie mpaka uwe mrefu.

Katika parokia ile ya zamani tuliifanya kazi hiyo, lakini tuliifanya baada ya moto, si kabla yake. Mzee mmoja aliyekuwa mpiga kengele alitusaidia kwa yote aliyoyakumbuka. Jina la kwanza katika daftari lile ni la baba yake yule bibi. Mahali pa kaburi lake tumeandika hivi: safu ya tatu au ya nne, karibu na mti ulioungua. Zaidi ya hapo hapana ajuaye, na ni mimi niliyesababisha lisijulikane. Ninyi bado mna nafasi ya kuandika kabla ya kiberiti.